Mkeka wa Matondoni



Wiki hii tumeyaweka kando mas'ala ya twahara na ya mirathi mliyozoea kuyasoma hapa, tukapenda kuwasimulia safari. Ni safari fupi ya siku sita, kutoka Mombasa hadi Lamu na kijiji cha Matondoni, tuliyoifanya katika likizo ya mwisho wa mwaka sisi pamoja na mama watoto na binti yetu. Tulikwenda kwa nia ya kumfunza mtoto, tukarudi tumefunzwa sisi. Na kwa kuwa funzo lenyewe linahusu nyumba na mapambo yake, tumeona ni haki yenu kulipata.

Orodha ya chumba

Asili ya safari hii ni karatasi moja. Binti yetu, ambaye nikaha yake ilikuwa imebakia miezi minane, alituletea baada ya sala ya Isha orodha ya vitu alivyovitamani kwa chumba chake: zulia, mapazia ya tabaka mbili, makochi, kioo kirefu, mito ya kochi, na picha tatu za kuning'iniza ukutani. Baadhi alikuwa ameviona majumbani mwa wenziwe, na vingine katika simu yake. Tulijumlisha bei, tukanyamaza. Riziki ya mwalimu wa madrasa tunaijua wenyewe, na mchumba wake naye ni kijana ndiyo kwanza anaanza kazi. Palikuwa na duka lililokuwa tayari kutoa vyote hivyo kwa malipo ya kila mwezi, na ndani ya malipo hayo imo nyongeza ile ile tunayoikataza mimbarini.

Tulimjibu kwa ukali. Tulimwambia kwamba simu ndiyo iliyomharibu macho, na kwamba bibi zake waliolewa bila makochi wakaishi. Hakuinua sauti. Alikunja karatasi yake akasema, "Baba, mimi napenda nyumba iwe nzuri. Kupenda uzuri ni kosa?"

Usiku ule hatukumpa jibu, ingawa jibu lenyewe tunalisomesha kila mwaka. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, aliulizwa kuhusu mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Hakumlaumu mtu huyo. Alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi binti yetu hakukosea kupenda uzuri. Lililobaki kuangaliwa ni mahali anapoutafuta na bei atakayoulipia.

Mama watoto, aliyekuwa akisikiliza huku akichambua mchele, ndiye aliyepata njia. "Mpeleke kwa shangazi yako Matondoni," alisema. "Akaone vyumba vilivyopambwa kabla ya hayo maduka." Kisha akaongeza neno ambalo hatukulitarajia: "Na ukifika, umuombe radhi kwa ule mkeka."

Inatupasa tuueleze mkeka huo, ijapokuwa kuueleza ni kujifedhehesha. Nyanya yetu mzaa baba alikuwa msusi wa mikeka, na mkeka mmoja alimsukia mama yetu mzazi kwa ajili ya harusi yake. Ulikuwa na rangi ya zambarau na ya kijani juu ya weupe wa majani, na nakshi ya ukingoni hatukuiona tena mahali pengine. Ulitandikwa kwetu miaka na miaka. Tulipohamia nyumba tunayokaa sasa, tulinunua zulia, na ule mkeka, kwa kuwa ulikuwa umekatika pembeni, tuliutupa jaani pamoja na viti vilivyovunjika. Shangazi yetu alipopata habari hakusema kitu. Miaka kumi na miwili imepita, na zulia lenyewe nalo limekwisha kutupwa.

Njiani, na mas'ala ya picha

Tuliondoka Mombasa kwa basi baada ya sala ya Alfajiri. Njia ya Lamu ni zaidi ya kilomita 300, na mwenye subira huiona pwani ikibadilika dirishani: minazi na mikanju ya Kilifi, kisha Malindi, kisha nchi inakuwa tambarare na kavu hadi Garsen, ambako mto Tana unavukwa kwa daraja na kijani kinarudi ghafla. Baada ya hapo ni Witu, na mwisho ni Mokowe, pale bara inapoishia na mizigo, kuku na abiria kushushwa wote katika mashua moja.

Muda wote huo binti yetu alikuwa akipiga picha kwa simu. Tulimuuliza kwa uchovu anapiga nini, maana hakukuwa na lolote la kutazama. Akatuonyesha. Palikuwa na kamba ya mashua iliyokunjwa gatini Mokowe, na kivuli chake juu ya mawe. Palikuwa na rundo la nyavu za buluu. Palikuwa na mlango wa bati uliopigwa viraka vya rangi nne. Vitu hivyo vyote tulikuwa tumevipita kwa macho yetu wenyewe bila kuviona.

Tunajua kwamba baadhi yenu mtauliza hukumu ya picha, na ni haki kuuliza. Wanazuoni wamekhitalifiana. Wako waliozikataza picha zote za vyenye roho kwa ujumla wa hadithi zilizopokelewa. Na wako, akiwamo Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i aliyekuwa Mufti wa Misri, walioona kwamba kamera haiumbi kitu, bali huzuia kivuli alichokiumba Mwenyezi Mungu, mfano wa kioo. Sisi nyumbani kwetu tumeshika njia ya tahadhari: hatutundiki ukutani sura ya mtu wala ya mnyama, bali mlango, bahari, mti na nakshi, mambo ambayo wanazuoni wengi wameyaruhusu. Na picha ya mtu, kama inahitajika, haipigwi bila idhini yake, wala ya mwanamke haipelekwi mbele ya macho yasiyo yake.

Mji wa mawe na wa punda

Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watu huja kuutazama kutoka mbali. Ila sisi wa pwani huupita kama mtu apitaye ukumbini kwake. Safari hii tulienda polepole, kwa sababu mwenye simu alikuwa akisimama kila hatua kumi.

Mambo mawili alitufunza yeye bila kukusudia. La kwanza ni nuru. Milango ya Lamu imechongwa kwa patasi katika miti migumu kama mbambakofi, na tulipoipita adhuhuri tuliona mbao tu. Binti yetu alitusihi turudi asubuhi. Jua la asubuhi lilipopita ubavuni mwa mlango, kila ua na kila mnyororo uliochongwa ulijitokeza na kivuli chake, hata maandishi ya Kiarabu yaliyo juu ya mlango mmoja, ambayo jana yake tulidhani ni mikwaruzo, yalisomeka. Sisi ambao tumesoma khatt tangu utotoni tulisomeshwa mlango na mtoto.

La pili ni kwamba uzuri wa nyumba hizi umetokana na uchache. Mwenyeji mmoja alitukaribisha ndani ya nyumba yake ya kale, akatueleza kwa nini vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kupita kiasi. Kwa hivyo upana wa chumba hauwezi kushinda urefu wa mti. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa. Hakuna kilichotoka mbali. Na katika ukuta wa ndani, mafundi wa zamani walichonga lipu yake wakafanya zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, vikawekwa misahafu, taa na vyombo vya kauri vilivyoletwa na majahazi. Mwenye kauri nyingi alizipanga, na asiyekuwa nazo, zidaka zenyewe zilikuwa pambo tosha, kwa kuwa kivuli hukaa ndani yake siku nzima na kuhama pamoja na jua. Binti yetu alikaa kimya muda mrefu mbele ya ukuta ule. Kisha alisema taratibu kwamba chumba hiki hakina picha hata moja.

Hata punda, ambao wageni huwakimbia katika vichochoro, tuliwatazama upya. Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na kuwa ni pambo. Aya hiyo tumeisomesha kwa watoto wasiohesabika, na ni mjini Lamu, tulipomuona punda wa mizigo amevishwa shada la shanga na mtoto wa mwenyewe, ndipo neno pambo lilipotuingia.

Jioni tuliswali katika msikiti wa Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh Jamalul-Layl, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulipotoka, binti yetu aliuliza jina hilo la ukoo lina maana gani. Tulimwambia ni uzuri wa usiku. Alicheka akasema basi hata masharifu wamekubali kuitwa kwa uzuri. Hatukuwa na la kujibu.

Kilichokwisha kazi

Siku ya tatu tulitembea mjini kutazama kazi za mikono, nasi tulikuwa na karatasi ile ya orodha mfukoni. Tuliwaona wanaume wakidarizi kofia barazani, tundu kwa tundu, kazi ambayo kofia moja huweza kula wiki nyingi. Lakini kilichotusimamisha zaidi ni wale wanaofanya kazi na vitu vilivyokwisha kazi.

Jahazi likizeeka, mbao zake hazitupwi. Mafundi huzinunua, na kwa kuwa zimekaa baharini miaka, zimeshiba chumvi na kubeba tabaka za rangi za kila mwenye chombo aliyepita. Wakizikata, hutoka fremu za picha na za vioo zenye buluu iliyopauka, nyekundu na nyeupe, ambazo hakuna rangi ya dukani inayoweza kuziiga. Tanga kuukuu nalo hushonwa mikoba, na viraka alivyovitia baharia huachwa vionekane. Tulimuuliza fundi mmoja kwa nini havifichi viraka. Alitujibu kuwa kiraka ndicho kinachomthibitishia mnunuzi kwamba tanga hili limefanya kazi.

Na huko huko Lamu ndiko mafundi walikounda jahazi zima kwa takataka za plastiki, lile lililopewa jina la Flipflopi, likashushwa majini mwaka 2018. Lilitumia kiasi cha tani 10 za plastiki, na ubavuni limevishwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni na mijini. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Unguja ili kuwaonya watu kuhusu taka za baharini. Ni chombo cha rangi zote, mfano wa shada. Tulifikiri nafsini mwetu juu ya yale tuliyoyatupa jaani, tukazidi kuharakia Matondoni.

Isije ikadhaniwa kwamba kutengeneza kilichochakaa ni ada ya mafukara tu. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alisimulia kwamba Mtume alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Na ni Bibi Aisha huyo huyo aliyekuwa ametundika pazia lenye picha, Mtume akalichukia, naye hakulitupa. Alilikata akafanya mito ya kuegemea. Katika kisa hicho kimoja mna hukumu ya picha na mna hekima ya mama wa nyumba, nasi kwa miaka yote tumekuwa tukiisomesha ile ya kwanza tu.

Mikono ya shangazi

Matondoni iko kisiwa hicho hicho cha Lamu, upande wa magharibi. Tulingoja maji yajae, tukaenda kwa mashua kupitia mkondo wenye mikoko pande zote. Ni kijiji cha waundaji wa majahazi na wasusi wa mikeka: wanaume wako pwani na shoka na tezo, na wanawake wako vibarazani na majani mapajani.

Shangazi yetu tulimkuta ameketi juu ya jamvi, miguu ameinyosha, ukili unamtoka mikononi kama maji. Tulimbusu mkono, tukajuliana hali, tukapewa kahawa na mahamri. Kisha tulimuomba radhi kwa mkeka wa mama yake. Alitutazama kwa muda. "Mwanangu," alisema, "mkeka huoza. Sikukasirika kwa mkeka. Nilisikitika kuwa hukuniletea nikauangalia ile nakshi, maana nami naizeekea." Alisema kwamba miongoni mwa wanawake anaosuka nao hakuna mwingine aliyefunzwa nakshi ile ya mama yake, na binti zake wawili wameolewa mbali na hawasuki.

Wasomaji wetu ambao hamjaona kazi hii kwa karibu, tuwaeleze. Majani ni miyaa, yaani makuti machanga ya mkoma, hukatwa kabla hayajafunguka, hukaushwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa chane nyembamba kwa ukucha au kwa kisu. Zinazotakiwa rangi huchemshwa na rangi chunguni. Baada ya hapo chane husukwa kwa kupishana, zikafanya utepe mrefu unaoitwa ukili, na ukili huo, ukishafika pima nyingi, ndio hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka au msala. Nakshi haichorwi popote. Imo katika hesabu: chane ngapi zipite juu, ngapi zipite chini, na ya rangi iingie wapi. Msusi akiondoka na hesabu yake, hata mkeka wenyewe ukiwapo, kuirejesha ni kazi ya kubahatisha.

Tulikumbuka hapo kwamba Ibn Battuta, alipopita Mombasa mwaka 1331, alieleza jinsi watu walivyoosha miguu mlangoni pa msikiti na kuipangusa juu ya mkeka mnene kabla ya kuingia. Msafiri aliyeona majumba ya wafalme hakuupita mkeka wa mlangoni bila kuuandika. Nasi tuliozaliwa juu ya mikeka hiyo tuliiona haifai hata kuhamishwa nyumba.

Binti yetu aliweka simu chini, akaketi ubavuni mwa shangazi, akaomba afunzwe. Alijaribu siku ile na ya pili yake. Ukili ulimpinda, chane zilimkatikia, vidole vilimuuma. Ile nakshi ya ukingoni ilimshinda kabisa. Kila akifika katikati hesabu inampotea, na kesho yake ilikuwa siku ya kurudi. Ndipo aliposema, kwa haya, huku akitutazama sisi kwanza, "Nyanya, naweza kukupiga picha ukisuka?"

Shangazi alivuta leso yake. "Uso wangu ni wa wanangu," alisema. "Ila mikono ipige, mwanangu. Mikono haina siri." Kisha akafanya jambo ambalo hatukumtarajia bibi wa umri wake alifikirie. Alisogea hadi mlangoni palipo na nuru, akakunja mikono ya kanzu yake, akaanza nakshi mwanzo, polepole, na kila chane moja ikipita alisimama akangoja mpaka apigwe picha. Wakiendelea hivyo tangu baada ya Dhuhuri hadi Alasiri. Tulikuwa tumeketi kando na tasbihi yetu, na tunakiri mbele yenu kwamba tuliona haya kwa ukali wetu wa usiku ule wa orodha. Kitu tulichokuwa tumekiita cha kuharibu macho ndicho kilichokuwa kikikusanya elimu ya nyanya yetu, chane kwa chane, na sisi wenye elimu tulikuwa tumeitupa jaani.

Alituaga kwa msala mmoja mdogo na fungu la miyaa iliyokwisha kutiwa rangi. Alikataa malipo. Alisema tulipe kwa kurejea.

Baada ya kurudi

Haikutimia miezi mitatu tukaletewa habari kwamba shangazi amepatwa na kiharusi. Alhamdulillah, ulimi wake ulimrudia na akili yake ni timamu, lakini mkono wa kulia umelala. Nakshi ya mama yake haitoki tena mkononi mwake.

Binti yetu alipopata habari hiyo aliingia chumbani akalia, kisha akatoka na simu na fungu la miyaa. Tangu siku hiyo kila baada ya Magharibi aliweka simu mbele yake juu ya mto, akazifuata picha moja baada ya moja. Alifumua mara nyingi kuliko alivyosuka. Ile orodha hatujui hata ilipopotelea. Chumba chake kimepambwa kwa mapazia aliyoyashona mwenyewe na mama yake kwa leso, na mito iliyovishwa leso kuukuu za bibi zake, kama alivyofanya Bibi Aisha na pazia lake. Ukutani pana fremu moja ya mbao za jahazi, na ndani yake ni picha ya mlango wa Lamu katika jua la asubuhi. Deni la duka hakuna. Mchumba wake alipokiona chumba alisema kinafanana na kwao, na mama yake ni mtu wa Faza; tukajua kwamba amesifu.

Wiki mbili kabla ya nikaha tulimpeleka Matondoni mara ya pili, na ukili alioumaliza ameukunja ndani ya kikapu. Shangazi alikuwa amelala kitandani. Aliuchukua kwa mkono wa kushoto, akaupitisha polepole baina ya vidole huku amefumba macho, pima nzima na zaidi, bila kusema neno. Sisi tulishika pumzi. Mahali fulani vidole vilisimama, vikarudi nyuma, vikasimama tena pale pale.

"Hapa umepotea ndia, mwanangu," alisema. "Fumua."

Binti yetu aliketi chini kando ya kitanda akafumua, naye shangazi akaanza kumhesabia kwa sauti.

Nasaha kwa familia zetu

Ndugu wasomaji, likizo ijayo si lazima mwende mbali. Aliye Mombasa ana Mji wa Kale na milango yake. Aliye Malindi ana magofu ya Gede karibu naye. Na kila mmoja wetu ana bibi au khalati anayejua kitu ambacho hakijaandikwa, iwe ni kusuka kawa, kushona kofia, kukuna kata na upawa kwa kifuu cha nazi, au kupanga maua ya kikuba. Wapelekeni watoto pamoja na hizo simu zao. Wafunzeni adabu yake: idhini kwanza, heshima ya uso wa mtu, na picha ya familia isitoke nje ya familia. Kisha waambieni wapige mikono ikifanya kazi, hatua kwa hatua, na siku ya pili wajaribu wenyewe.

Na kabla hamjatupa mkeka, leso au pazia lililochakaa, liangalieni kwanza juani, ukingo kwa ukingo. Pengine mna hesabu ya mtu ndani yake.

Tunawaomba mumtie shangazi yetu katika dua zenu. Mwenyezi Mungu amponye, amrehemu nyanya yetu, awabarikie maharusi wetu, na atujaalie macho ya kuiona neema Yake kabla haijatuondokea. Amin.